Heko kwa Wachoma Sindano wa Mayai ya Chura
Katika elimu ya seli, pongezi zangu kubwa nawapa mafundi wanaochoma sindano ya kioo kwenye yai la chura Xenopus, lenye upana wa kama milimita 1 hivi, na kuingiza RNA ya protini iliyounganishwa na protini ya kijani ing'aayo ya konyeza, ili mng'ao uoneshe inakokaa. Bila wao tungebaki na orodha ya majina ya protini bila kujua zinakaa wapi, na katika suala la mwelekeo wa seli, makazi ndiyo habari yenyewe. Vangl2, mojawapo ya protini za mwelekeo huo, hurundikana kwenye ukingo wa mbele wa seli za bamba la neva la kiinitete. Ikivurugwa, seli hushindwa kupenyezana kuelekea katikati na mrija wa neva, unaotokana na bamba hilo, hushindwa kujifunga. Wapo wasemao kwamba protini ya kupandikizwa huenea hata pasipo pake. Kweli, dozi ikizidi. Ndiyo maana fundi makini huipunguza, kisha hulinganisha na protini asilia iliyotiwa alama kwa kingamwili, kazi ya kuchosha ambayo picha nzuri haiioneshi. Na kwamba chura si mtu? Mabadiliko ya jeni za Vangl yamekutwa pia kwa binadamu waliozaliwa na mgongo wazi, yaani ambao mrija huo haukujifunga.