Stara ya Mvungu: Je, Pazia la Kitanda Lingali na Faida?

Katika chumba kimoja cha kupanga huko Shimanzi, Mombasa, mahali ambapo malori ya bandarini hupita usiku na mchana na vumbi lake likaingia ndani hata dirisha likiwa limefungwa, nilimkuta bi mmoja mshonaji amekitia kitanda chake pazia la mvungu. Nami, ambaye kwa muda mrefu nilidhani kwamba vazi hilo limekwisha kwenda na samadari za bibi zetu, nikataka kwanza kujua lilivyofanywa kabla sijatoa hukumu kama lafaa au halifai. Mvunguni mlikuwamo sanduku la bati, mabeseni matatu, jiko la mafuta na kiroba cha mchele. Aliponiona nachungulia akasema, "Mwanangu, mtu hamwonyeshi mgeni mvungu wake."

Basi msingi wa jambo hili ni stara, na stara si neno geni Mombasa. Zamani nguo ya pambo ilitandwa juu, ndiyo besera ya kitanda cha nguzo nne. Hii ya chini ni jamaa yake, ila kazi yake ni kuficha kuliko kupamba. Anayekaa nyumba ya vyumba vitano ana ghala, ana kabati, ana stoo. Anayekaa chumba kimoja ghala lake ni mvungu.

Mapazia mengi ya aina hii yanayouzwa leo mjini hutoka katika marobota ya mitumba, na nimeyasikia yakiitwa sketi za kitanda. Sketi hizo zimeshonewa vitanda vya Ulaya: katikati mna shuka pana inayolazwa chini ya godoro, na pembeni yake yakashonewa marinda yanayoning'inia kiasi cha sentimita 40. Sasa kitanda cha Kiingereza cha watu wawili kina upana wa sentimita 135 na urefu wa 190, hali kitanda chetu cha futi nne kwa sita kina 122 kwa 183. Kwa hiyo shuka ile inapolazwa hubaki ziada ya sentimita 13 upande wa mapana na 7 upande wa marefu, na ziada hiyo haina pa kwenda ila kuteremka, marinda yakaburura sakafuni yakizoa vumbi. Aidha, kitanda cha Kiingereza aghalabu kina sanduku gumu chini ya godoro, nacho chetu kina chaga zenye nafasi baina yake, na shuka iliyolala juu ya chaga huzama katika nafasi hizo na kuvuta upande mmoja kila mtu anapogeuka.

Lakini aibu kubwa ya sketi hiyo ni chandarua. Chandarua sharti kichomekwe chini ya godoro kila usiku na kuchomolewa kila asubuhi, na mkono unaochomeka haubagui baina ya chandarua na shuka; siku ya tatu pazia limekwisha kupanda upande mmoja na kushuka mwingine, kama suruali iliyokatika ukamba. Walioishona hawakuwa na chandarua akilini mwao, wala siwalaumu.

Yule bi alifanya vingine. Kitanda chake ni cha tano kwa sita, nacho kimesukumwa pembeni mwa chumba, ubavu mmoja ukutani na mchago ukutani, kwa hivyo palipohitaji kusitiriwa ni ubavu mmoja na miguuni tu, yaani futi 11, ambazo ni kama sentimita 335. Alinunua doti moja ya leso. Leso moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, naye alizikata zote mbili kwa urefu, kila moja vipande vitatu vya sentimita 36 na kitu. Viwili vya pembeni vikatoka na pindo lake, na cha kati kikatoka na mji, pindo likiwa nchani tu. Vile vinne vyenye pindo akaviunga vikawa kama mita sita, karibu mara mbili ya urefu uliotakiwa, na huo ndio wasaa unaofanya marinda yakae vizuri. Viwili vya kati akavishona pamoja vikawa foronya. Vipande vya juu alivigeuza kichwa chini ili pindo lielekee sakafuni, na vile vyenye jina, yaani maneno ya leso, akaviweka miguuni, anapotazama mgeni aingiapo. Jina lenyewe silitaji, kwa kuwa lilikuwa kijembe, na jirani yupo.

Juu alikunja nefu, kama ile ya suruali, akapitisha nyaya mbili za pazia zile za kawaida, akazitundika kwa ndoano upande wa ndani, moja kwenye mfumbati wa ubavuni na nyingine kwenye kitakizo cha miguuni, nguo ikiachana penye tendegu. Godoro halikuguswa. Chandarua huchomekwa na kuchomolewa, pazia halina habari. Likichafuka, ndoano mbili zafunguliwa, nguo ikaenda kufuliwa.

Tena alikomesha nguo nyanda mbili juu ya sakafu. Nilidhani kitambaa kilimpungukia, kumbe alikusudia. Nguo inayogusa sakafu hunywa maji ya kudekia, na kunguni huipandia kama ngazi. Hewa nayo yataka njia, maana katika unyevu wa kisiwa hiki godoro lisilopumua chini huota ukungu.

Dosari moja imebaki, na sitaificha. Mbu yule mwenye madoadoa meupe, aumaye mchana, hupenda kutua mahali penye giza na utulivu, na mvungu wenye pazia ni makao yaliyo tayari kwake. Mombasa tulipata homa ya dengi mwaka 2013, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018, si jambo la kupuuza. Methali yamtaka mwenye haja ya cha mvunguni ainame. Haikumwambia kwamba atainua na pazia pia, na hilo ndilo watu huliona zito, mvungu ukakaa wiki nzima haujafunuliwa. Yule bi hulifunga pazia juu ya kitanda kila asubuhi anapofagia.

Hukumu yangu ni hii: mwenye kitanda cha droo chini asipoteze fedha, na mwenye kutaka ile sketi ya mtumba aikate shuka yake ya katikati abaki na marinda. Mwenye chumba kimoja na kitanda cha chaga, leso doti moja, nyaya mbili na ndoano nne zamtosha. Na apime mvungu wake kwanza, ndipo aende Biashara Street kununua leso.