Sifa za Mkwezi

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi mimi namsifu mkwezi, ambaye sifa haziwezi kumharibu: akilegea kidogo tu, mnazi humrudisha chini.

Ukitoka Likoni kupitia Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, minazi haikupotei machoni kwa muda mrefu. Ile mirefu hufika mita 20 na zaidi, na haina tawi la kushika. Kinachompandisha mtu huko ni msuguano, nguvu ambayo wengi wetu huikumbuka kwa hasara zake: hula soli za viatu, huchakaza tairi za bodaboda, huchemsha mashine.

Mtazame mkwezi kazini. Mikono huuvuta mti kwake, nyayo huusukuma. Anavyozidi kuvuta ndivyo nyayo zinavyozidi kugandamizwa kwenye gome, na ndivyo zinavyoshika. Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza kanuni hiyo mwaka 1699: vitu viwili vikigandamizana zaidi, msuguano kati yake huongezeka. Kwa hiyo mkwezi hasubiri mti umshike. Mshiko wake anautengeneza mwenyewe, kwa misuli, hatua kwa hatua.

Tena unyayo uliotulia hushika kuliko unaoteleza. Ukishaanza kuteleza, mshiko hupungua wakati ule ule unapohitajika zaidi. Ndiyo maana hasogezi viungo vyote pamoja: miguu ikishika, mikono hupanda; mikono ikishika, miguu hufuata. Kitanzi cha kamba huzizuia nyayo zisiachane. Vidato vilivyochongwa shinani humpa pa kukanyaga, lakini navyo vikilowa huwa hatari, kwa kuwa maji huingia kati ya ngozi na mti yakavitenganisha.

Kushuka nako kuna elimu yake. Anayejiachia aserereke huulipa upesi wake kwa ngozi ya kifua na mapaja, kwani mwendo wote ule msuguano huugeuza kuwa moto.

Mwenye shamba humlipa mkwezi kwa hesabu ya minazi aliyoipanda. Mimi ningemlipa pia ule alioupapasa baada ya mvua, akatikisa kichwa na kusema, "Huu bado, mzee. Tuuache ukauke." Nguvu za kupanda vijana wengi wanazo; kujua mti utakaposhindwa kukushika, kabla hujauacha mchanga, ndiko kunakomfanya mtu awe fundi.