Filamu Isiyohitaji Mkalimani

Heko kwa Bert Haanstra, Mholanzi aliyetupa filamu ya Glas mwaka 1958: dakika kumi hivi katika kiwanda cha vioo cha Leerdam, bila msimulizi. Mtazame fundi anavyopuliza bomba, mashavu yamevimba kama puto, huku kioo cha moto kikigeuka chombo mbele ya macho yako. Kisha zinakuja mashine: chupa moja inavunjika shingo, nyingine zinarundikana na kupasuka, mpaka mkono wa mtu uingilie kati. Oscar iliyopata iliistahili kabisa.

Hapa Nechells, mtaa wa viwanda wa Birmingham wenye lugha chungu nzima, kila jirani angeielewa filamu hiyo. Enyi watengenezaji filamu wetu wa Afrika Mashariki, nanyi mnaweza: wachongaji wa Tabaka, Kenya, na Mwenge, Dar es Salaam, wapo kazini. Wapigeni picha, waacheni mikono yao iseme.