Nyatiti Mbele ya Meza ya Waamuzi

Wanaofuatilia Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wanazijua zile sekunde chache kabla ya noti ya kwanza. Kwaya imeshapanda jukwaani, mikono kando, macho kwa mwongozaji. Mwamuzi bado anaandika maoni kuhusu waliotangulia. Anainua kichwa, anakitikisa kidogo, ndipo kazi inaanza.

Mimi naipenda adabu hiyo, wala sioni haya kusema. Mtoto wa Gredi ya Sita aliyefundishwa kungoja, kuinama bila pupa na kutokunja uso noti inapomponyoka amepewa kitu kikubwa. Noti iliyopotoka hupita. Uso uliokunjwa ndio unaomwamsha hata aliyekuwa anasinzia. (Lile tabasamu la kubandika, meno yote nje hata kwenye wimbo wa msiba, ni hadithi nyingine. Jamani, tulipumzishe.)

Ugomvi wangu unaanza pale muziki unapobadilika na adabu isibadilike. Chukua nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala, njuga zikilia mguuni. Na msikilizaji wake si wa kunyamaza. Kuna pakruok: mtu anainuka, anatoa pesa, anausimamisha muziki katikati ili ajisifu na kuwasifu watu wake, kisha mpigaji anaendelea. Hapo kukatizwa si utovu wa adabu. Ni sehemu ya burudani, na mpigaji lazima ajue kumpokea mkatizaji na kuurudisha wimbo palepale ulipoachwa.

Sasa mweke kijana huyo mbele ya meza yenye karatasi na saa, ukumbi kimya kama kanisa. Akisimama katikati, nani hataandika kwamba amekwama? Nimewaona wapigaji chipukizi wakiinama kama wapiga piano, wakapiga mfululizo bila kumtazama mtu, wakainama tena na kutoka. Vidole safi kabisa, siwezi kuwanyima hilo. Ila nyimbo zenyewe ni za kusifu watu kwa majina, na pale hapakuwa na mtu wa kusifiwa zaidi ya waliokuwa wakiandika. Pwani nao wanaelewa: taarabu ambayo hakuna anayenyanyuka kumtuza mwimbaji, si tunasema imepoa?

Najua jibu litakalokuja: shindano ni shindano, mizani iwe moja. Sawa, lakini hiyo mizani imechukuliwa kwenye kwaya na piano, halafu eti ndiyo inaitwa ya wote.

Kwa kipengele cha nyatiti ningeanza na jambo dogo. Wanafunzi kumi wakae mbele, karibu na mpigaji, waruhusiwe pakruok, na mwamuzi atoe alama kwa jinsi mpigaji anavyowapokea. Saa isimamishwe wanapojisifu.