Hadisi za wazee ndani ya TFC: nani anasema?

Katika ISP zetu, na hii ya Bunia ikiwemo, kuna idara mbili zenye majina mazuri: Kifaransa na Lugha za Afrika, halafu Kiingereza na Utamaduni wa Afrika. Aliyepita huko anajua kwamba nusu ya kwanza ya jina ndiyo inakula saa nyingi. Nusu ya pili inangojea mwisho, wakati mwanafunzi anatafuta kichwa cha TFC. Hapo ndipo anamkumbuka nyanya yake. Anapanda pikipiki mpaka Mahagi ao Komanda, anaandika hadisi kumi, anarudi kuzichambua. Mfumo wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha majina ya vyeo na hesabu ya miaka. Namna ya kuandika hadisi haikuiguswa.

Kazi hizo zina bei kubwa. Kwa hadisi nyingi za Ituri, makaratasi hayo yaliyofungwa na spirali ndiyo mahali pekee zilipoandikwa. Ndiyo sababu mtu anazisoma kwa uchungu.

Fungua moja, fungua tano, mpango ni ule ule. Sura ya kwanza: historia ya kabila na mipaka ya kolektivite. Sura ya pili: hadisi zenyewe, kwa Kifaransa tu, kila moja nusu ukurasa. Sura ya tatu: wahusika, mahali, wakati, na mwishoni lile «fundisho»: tusiwe na wivu, tuheshimu wazazi. Hadisi ambayo mzee aliisema nusu saa nzima, akiimba, akigeuza sauti ya fisi, watoto wakimuitikia, imebaki mistari kumi na tano. Wimbo umeandikwa hivi: (hapa anaimba). Anaimba nini? Hatujui. Na mzee mwenyewe amekuwa «mtoa habari namba 3, miaka 70, mkulima».

Mimi sioni uvivu wa wanafunzi hapo. Wamefundishwa kuita hadisi korpusi, ni kusema kitu cha kuchimba. Wanafanya sawa vile wachimba dhahabu wa Mongbwalu: unaosha mchanga, unachukua punje, mchanga unamwaga. Punje ni fundisho. Lakini katika fasihi mchanga ndio mali.

Tuchukue mithali ambayo kila mtu sokoni anaijua: haraka haraka haina baraka. Mara nyingi inageuzwa kwa ile mithali ya Kifaransa inayosema kwamba anayeenda pole anaenda salama. Maana imekaribia, kweli. Lakini baraka imeenda wapi? Mfaransa anasema juu ya kufika; sisi tunasema juu ya kitu ambacho mtu hawezi kujipa mwenyewe, hata akifika wa kwanza. Tena haraka na baraka zinagongana masikioni, na ndiyo sababu mtoto anaishika bila kalamu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeweza kuandika kurasa mbili nzuri juu ya hilo tu. Badala yake anaandika: «mithali hii inatufundisha uvumilivu.» Hapo hakusoma fasihi, wala hakujifunza kuandika.

Mfano bora uko kwa jirani, Kivu ya Kaskazini. Mnamo 1956, katika kijiji cha Bese, Munyanga mmoja, Candi Rureke, alisimulia hadisi ya Mwindo kwa siku kumi na mbili, akiimba na kucheza. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakaandika. (Ilikuwa wakati wa ukoloni, na mengi yanaweza kusemwa juu ya hilo.) Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye ni Munyanga mwenyewe. Ndani yake kuna maneno ya Kinyanga, tafsiri, maelezo, na jina la Rureke. Munyanga asiyekubali tafsiri anaweza kurudi kwa maneno ya Rureke na kubishana. Msomaji wa TFC zetu hana pa kurudia.

Walimu wa ISP watajibu: juri isiyojua Kilendu itasahihisha namna gani? Swali ni la haki. Kilendu kina tani na herufi ambazo kompyuta nyingi za mjini hazijazoea, na anayepiga kazi anadai franka kwa kila ukurasa. Lugha mbili ni kurasa mara mbili. Lakini wazee hawangoji. Baada ya vita ya 1999-2003, machafuko yalirudi Djugu mwisho wa 2017, na wengi walikimbilia kambi. Hadisi ya kijiji inasemwa chini ya turubai, kama inasemwa.

Waalur na Walugbara wanasoma Biblia nzima kwa lugha zao. Kwa hiyo kuna makatekista na wachungaji wanaoandika lugha hizo vizuri kuliko sisi wenye diploma. Juri inaweza kumuita mmoja awe msomaji wa pili wa maneno ya asili, aweke sahihi yake pembeni ya ile ya direkteri. Na kama pesa za kurasa zinakosa, simu ya mkononi inanasa sauti. Kadi yake ndogo, ikibandikwa ndani ya jalada la nyuma, inabeba nusu saa yote ya mzee, pamoja na ule wimbo uliobaki ndani ya mabano.