Baa ya Burbank: Uchambuzi wa Optimus

Yale magari yasiyo na usukani nawaachia wengine. Kilichoharibu usiku wa maonyesho wa Tesla kule Burbank, California, tarehe 10 Oktoba 2024, ni uamuzi mmoja: kuziachia roboti zake za Optimus zichangamane na wageni bila mtu yeyote kutamka jukwaani kwamba nyuma yake wako waendeshaji wa mbali.

Rudieni picha ile. Elon Musk anasema Optimus itafundisha, italea watoto, itatembeza mbwa, itakata majani. Anataja bei: dola 20,000 hadi 30,000. Kisha anawaambia wageni kuwa roboti zitatembea kati yao. Kweli zikaja, zikahudumu baa, zikacheza mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, zikapiga soga. Sasa fumbeni macho msikilize. Kila moja ina sauti yake. Utani unajibiwa papo hapo, na mkono unapungwa sawia na neno. Aliyewahi kuzungumza na programu ya sauti alipaswa kushtuka hapo hapo. Mgeni mmoja alipoiuliza roboti waziwazi, ikakiri kuwa inasaidiwa na binadamu. Jukwaa lilinyamaza, baa ikasema.

Kuendesha kwa mbali si dhambi. Mwendeshaji huvaa miwani ya skrini na vitambuzi mikononi, roboti ikamfuatisha. Kila mshiko hurekodiwa, nao huwa somo la kuufundisha mfumo. Miguu, kwa taarifa zilizotoka baadaye, ilijitembeza yenyewe kwa akili mnemba, na hiyo ni kazi safi. Sentensi moja tu jukwaani ingetosha kuwapa wahandisi wale sifa wanayostahili. Badala yake, hata hatua walizozitolea jasho zikaingia kwenye shaka.

Mwenye ghala anayetafuta mashine anataka kujua jambo moja: mwendeshaji mmoja anasimamia roboti ngapi? Ikiwa ni moja kwa mmoja, mshahara haujaondoka. Umehama sakafuni ukaenda kukaa mbele ya skrini, na juu yake umeongeza bei ya mashine, umeme, vipuri na mtandao usiokatika. Ikiwa mtu mmoja anatosha kwa roboti 20, na anaingilia pale tu mashine inapokwama, hapo tukae mezani. Hesabu hiyo ndiyo biashara yenyewe, lakini usiku ule tukapewa bei ya chuma.

Wala si mara ya kwanza kwa Tesla. Agosti 2021 tuliletewa mtu aliyevaa vazi la roboti akicheza dansi. Januari 2024 ikaja video ya kukunja shati, mkono wa mwendeshaji ukichungulia pembeni mwa picha, na Musk akaongeza baadaye kuwa roboti haijaweza kazi hiyo peke yake. Nimelipigia kelele sana jambo hili la kumficha mtu nyuma ya mashine, na Nairobi wananielewa: mpaka jarida la Time lilipoandika Januari 2023, wangapi walijua kuwa Wakenya waliochambua maandishi machafu kwa ajili ya kampuni ya akili mnemba ya OpenAI walilipwa chini ya dola 2 kwa saa?

Wazee walijua kuonyesha. Joseph Engelberger, mwasisi wa roboti za viwandani, naye alipenda jukwaa: mwaka 1966 roboti yake, Unimate, iliingia kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, ikamimina bia, ikapiga gofu, ikaongoza bendi. Sarakasi tupu, ndiyo. Lakini tangu 1961 mashine ya aina hiyo ilikuwa ikinyanyua vipande vya chuma vya moto katika kiwanda cha General Motors, New Jersey. Kazi ilitangulia, sarakasi ikafuata. Mick Mountz wa kampuni ya roboti za ghala ya Kiva hakuhitaji hata sarakasi: roboti zake bapa, zisizo na uso wala sauti, ziliingia chini ya rafu na kuzibeba, mpaka Amazon ikainunua Kiva kwa dola milioni 775 mwaka 2012.

Leo njia hiyo inafuatwa na Digit, roboti ya kampuni ya Agility, inayobeba makreti katika ghala la kampuni ya GXO kule Georgia, Marekani.

Kesho yake hisa za Tesla zilishuka karibu asilimia 9, na wengi wakalaumu uhaba wa maelezo kuhusu magari. Walaumu. Mimi, Optimus ikipandishwa tena jukwaani, sitaki kusikia bei kabla ya kutajiwa idadi ya waendeshaji.