Jeneza la Msanii na Deni Lisilotangazwa



Hapana mkazi wa Dar es Salaam asiyeyajua makaburi ya Kinondoni. Hata kituo cha basi kimeitwa Makaburini, na wapitao hapo kila siku wamekwisha kuyazoea kama walivyozoea maduka na miti. Ndani yake wamelala maelfu ya watu ambao majina yao hayajulikani ila na jamaa zao. Pamoja nao wamelala watu ambao sauti na sura zao zilijulikana nchi nzima.

Yumo Marijani Rajab, mtoto wa Kariakoo aliyezaliwa mwaka 1955, aliyeimba na Safari Trippers na baadaye Dar International, hata watu wakamwita Jabali la Muziki. Alifariki tarehe 23 Machi 1995, umri wake miaka arubaini tu. Yumo Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Mwezi wa Mei 2014 walizikwa hapo, katika muda wa siku chache, mwongozaji Adam Kuambiana na mwigizaji Rachel Haule. Wengine ni wa dini yetu, wengine si wa dini yetu. Kila mmoja yuko mbele ya Mola wake, nasi hatukupewa kazi ya kuwahesabia.

Makala hii basi haiwahusu wao. Yatuhusu sisi tuliobaki, na namna tunavyowatendea watu wa sanaa wakifa.

UMATI HAUMFAI MAITI

Siku ya maziko ya Kanumba, tarehe 10 Aprili 2012, watu walijaa viwanja vya Leaders mpaka pakawa hapana pa kukanyaga. Wengi walizirai, na barabara ya kwendea makaburini ikafurika. Tangu hapo jambo hili limekuwa desturi. Akifa msanii zinachapishwa fulana zenye picha yake, simu zinainuliwa juu ya vichwa vya watu ili kupiga picha jeneza linapoteremshwa, na mwenye kulia sana ndiye anayetafutwa na kamera. Desturi hii haikubaki kwa wenzetu tu. Imeingia hata katika misiba ya Waislamu, ambamo maiti amevishwa sanda na wanachuoni wapo.

Msomaji, huzuni si dhambi. Bwana Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim. Lakini kumbuka yaliyotokea siku ile. Jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Yeye mwenyewe, katika msiba wake, alisimama akawakataza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa mtoto wa Mtume hakupewa ukubwa huo siku ya kifo chake, sisi tunampa nani?

Kinachomfaa maiti Mwislamu ni kuswaliwa, kusindikizwa kwa utulivu, kuombewa, na kulipiwa madeni. Katika hayo manne hapana hata moja linalohitaji kamera.

Hapa yafaa nijibu swali ambalo vijana wa madrasa huniuliza mara nyingi: je, yajuzu kumswalia mwimbaji wa dansi au taarabu? Jibu ni kwamba kumswalia Mwislamu ni faradhi ya kutosheleza, na akiachwa bila kuswaliwa tumepata dhambi sote. Mtume alimswalia mwanamke wa kabila la Juhayna aliyekiri zinaa na kupitishiwa adhabu. Sayyidna Umar alipouliza, alijibiwa kwamba mama yule ametubu toba ambayo ingewatosha watu wengi wa Madina. Basi ewe unayekaa barazani pale Mwananyamala au Tandika na kusema, "Siendi kumzika yule, alikuwa mtu wa ngoma," umejuaje toba ya mtu katika usiku wake wa mwisho? Nenda ukamswalie. Kama alikuwa na upungufu, ana haja zaidi ya dua yako.

KABURI SI NYUMBA YA FAHARI

Jambo la pili ni ujenzi. Kinondoni nafasi imekuwa finyu, watu wanazikwa ubavuni mwa watu. Hata hivyo zege, vigae na marumaru vinazidi kupanda, na katika hayo yamo makaburi ya Waislamu. Mtume amekataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema wazi kwamba katika makaburi ya watu wote ujenzi huo ni haramu, kwa kuwa unawanyima nafasi wengine. Alama si vibaya: Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alijue. Jiwe linatosha.

Tena fahari hiyo haidumu hata hapa duniani. Mara kwa mara tumesikia wezi wakibomoa makaburi ya mjini kwa ajili ya vyuma na vigae. Mtu anajengewa kwa mamilioni ya shilingi, kisha vigae vyake vinakwenda kuuzwa, na wanawe wako nyumbani hawana ada ya shule.

Hayo mawili yamekwisha kusemwa na masheikh wengi, nami nimeyapitia kwa ufupi. Nataka tukae zaidi kwenye la tatu, ambalo ni zito kuliko hayo na halisemwi.

DENI LINALOSAHAULIWA

Wajua desturi yetu njema ya pwani. Kabla jeneza halijaondoka, husimama mtu wa ukoo akatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze kwa jamaa zake. Desturi hii ina asili kubwa. Aliletwa maiti mbele ya Mtume, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa anadaiwa dinari mbili, alijizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipochukua deni lile juu yake.

Lakini jiulize, msomaji: umewahi kusikia mtu akisimama msibani akatangaza kinyume chake? Kwamba yeyote ambaye marehemu anamdai, na ajitokeze alipe? Mimi, katika umri huu wa zaidi ya miaka sitini, sijasikia. Na kama yuko maiti ambaye tangazo hilo lamstahiki, ni msanii.

Angalia mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi zilikuwa mali ya jumuiya, mashirika au wafanyabiashara. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara, na mara nyingi hata gita alilolishika halikuwa lake. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania na kupigwa nchi nzima, usiku na mchana. Baadaye zikaja kanda, zikanakiliwa madukani kila mtaa. Zikafuata santuri ndogo za kompyuta, na leo ni simu. Kila chombo kipya kilipoingia walikuwapo waliochuma. Mtunzi, akiwa hai, aliambulia kidogo au hakuambulia kitu. Alipokufa, wanawe hawakukumbukwa.

Mzee Muhidin Gurumo aliimba zaidi ya nusu karne. Mwaka 2013 alipostaafu ilijulikana kwamba hakuwahi kumiliki gari, na kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, mzee akafariki, akazikwa kwao Kisarawe. Kijana yule alifanya jambo jema, na ni bora mara nyingi kuliko shada la maua, kwa kuwa mzee alilipata angali anaona. Lakini tusichanganye. Zawadi ni hisani, na mwenye kuitoa hushukuriwa. Haki ni deni, na asiyelitoa ni dhalimu. Tumefika mahali ambapo mtu hutegemea hisani ya kijana mmoja, kwa sababu wale wote waliotumia jasho lake hawakumpa haki yake.

Sheria ya nchi ipo. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga Marijani Rajab zina haki ya warithi mpaka mwaka 2045. Chini ya sheria hiyo ikaundwa COSOTA kusimamia jambo hili. Mwezi wa Januari 2022 yaligawiwa mirabaha ya shilingi milioni 312 hivi kwa wasanii 1,123, kwa ajili ya kazi 5,924. Ni mwanzo mzuri, na walioufanya wapewe heshima yao. Lakini gawanya mwenyewe: kila mtu ni chini ya shilingi 280,000 kwa wastani, na kazi hizo zililisha vituo vya redio na televisheni, kumbi na mahoteli.

Na sheria ya dini je? Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilikata shauri kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi katika kazi yake ni haki zinazolindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Ni mali kama mali nyingine. Na mali ya maiti, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, ni ya warithi. Wakiwamo mayatima, basi unajua namna Qur'ani ilivyomuonya anayekula mali ya yatima kwa dhuluma: anachojaza tumboni mwake ni moto.

HOJA YA WENYE KUPINGA

Najua atakuwapo atakayesema: "Sheikh, nyimbo hizi nyingi ni upuuzi, na ala zake wanachuoni wengi wamezikataza. Vipi unatetea malipo yake?"

Mimi si mpenzi wa dansi, na vijana wangu nawahimiza muda wao waupe Qur'ani. Wala sitetei utunzi unaotukana au unaochochea uchafu. Lakini tazama nani anatoa hoja hiyo. Ni mwenye hoteli anayeipiga nyimbo ile ili wateja wakae. Ni mwenye duka anayejaza filamu katika simu za watu na kutoza pesa. Wakati wa kuchuma ameiona halali, na wakati wa kulipa ameiona haramu! Kama ni haramu, iache kabisa, nami nitakushukuru. Kama umeitumia na kula faida yake, lipa. Mrithi mcha Mungu akiona fedha hiyo ina shaka, yeye ndiye atakayemuuliza mwanachuoni namna ya kuitoa. Shaka yake haikupi wewe ruhusa ya kuila.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wewe unayetunga mashairi, kaswida, nyimbo au michezo, andika kazi zako, zisajili, na katika wasia wako ueleze nani unamdai na nani anakudai. Kuandika wasia hakumwiti Izraili.

Pili, penye msiba wa msanii, rambirambi ziandikwe na zihesabiwe mbele ya mashahidi, na zifike kwa wajane na mayatima. Ja'far bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, Mtume aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Siku hizi wafiwa ndio wanaopikia umati, na pengine ni pesa ya mayatima inayonunua huo mchele.

Tatu, katika nyumba yako, usinunue kilichoibwa. Anayenunua kanda au filamu ya wizi kwa kuwa ni rahisi amemsaidia mwizi.

Nne, nawaomba maimamu wa Kinondoni, Temeke na kwingineko waliongeze lile tangazo letu la pwani. Baada ya kusema, "Mwenye kumdai marehemu aje," waseme pia, "Na anayedaiwa na marehemu aje alipe." Ni maneno machache, lakini huenda katika safu akawapo mtu moyo wake ukashtuka.

Msomaji, ukipita Makaburini, toa salamu kwa waliolala, kama tulivyofundishwa, na uwaombee waliokufa katika Uislamu. Kisha ukirejea kwako utazame katika kabati, dukani na katika simu yako. Ukikuta humo jasho la mtu aliyekufa ambalo hukulilipia, bado unayo nafasi ya kuwatafuta wanawe. Siku inakuja ambapo deni halitalipwa kwa shilingi, litalipwa kwa thawabu za swala zako na saumu zako.

Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awatunze mayatima wao, na atuepushe na kula haki za watu, hai na waliokufa. Amin.